Mbuzi Kwenye Maneje ya Bweremana

"Mbuzi haipandi," nilimwambia Papa Nestor. "Nimeshasema, na nitasema tena mpaka shofere awashe gari."

"Imeshapanda," akajibu.

Na kweli, miguu ya mbele ilikuwa tayari ndani ya gari, juu ya begi la nguo za binti yangu Laetitia. Papa Nestor alikuwa amemkumbatia yule mnyama kiunoni na kumsukuma kwa goti, taratibu, kwa heshima, kama mtu anayemsaidia mama mkwe wake kupanda ngazi.

"Papa, sikiliza. Tunaenda fasi ya batoto kucheza. Unafika, unalipa tike, mutoto anapanda, anazunguka, anashuka. Tunakula samaki ya sambaza, tunarudi. Mbuzi inaingia wapi mu hiyo mambo?"

"Ile fasi iko na mwenyewe?"

"Iko na mwenyewe."

"Atarusha mutoto yetu hewani?"

"Hamurushi. Anamuzungusha kwa kiti."

"Hewani."

"Hewani, ndiyo."

"Na akianguka?"

"Haanguki."

"Na akianguka," alisema tena, akimpa mbuzi goti jingine, "nani atamuokota? Bale bantu hatubajui. Hatujakula nabo, hatujabasalimia. Wewe Mama Laetitia iko na diplome, lakini hii balikufundisha fasi gani, kupeleka mutoto mu mikono ya muntu, na mikono yako iko bure? Mbuzi njo inatangulia. Mutoto inafuata."

Mbuzi akapanda.

Papa Nestor ni baba mdogo wa mume wangu. Anatoka Itebero, ndani ya msitu wa Walikale, na alipopata habari za safari yetu alitembea mpaka akapata barabara, kisha pikipiki, kisha lori la mbao, akatufikia hapa Masisi akiwa na matope mpaka magotini na koti la suti begani. Hakuna aliyemwita. Lakini mume wangu Luc alikuwa amemtajia habari hiyo kwa simu, na kwa watu wa Itebero kutaja ni kuita.

Watu wananiuliza siku hizi ni makosa gani mzazi anafanya akipanga kupeleka watoto kwenye mambo ya kuzunguka na kuteleza. Wanataka niwaambie habari za kofia na maji ya kunywa. Sawa, chukueni maji. Chukueni na nguo za kubadilisha, mtoto atatapika. Kosa lenyewe ni kumwambia mtu mzima. Luc alimwambia baba yake mdogo, kisha akaona haitoshi, akaliombea jambo hilo kanisani Jumapili, kwa sauti, mbele ya wote. Ibada ilipokwisha wazee wawili wa kanisa walikuja nyumbani kutuambia kwamba familia haiwezi kwenda peke yake, na kwamba wao wako tayari. Walikuja pia kuuliza tutaondoka saa ngapi.

Mimi nina diploma ya maendeleo vijijini. Kazi yangu ni kupanga. Nimepanga mafunzo ya wakulima kwenye vilima ambako hata mbwa hafiki bila kupumzika. Siku moja ya mtoto mmoja ilinishinda.

Maneje yenyewe iko Bweremana, kando ya ziwa. Papa Édouard, mtu wa huko, alichukua motere ya kinu cha mahindi akaifunga kwenye gurudumu kubwa la chuma lililolala juu ya nguzo, akaning'iniza kwa minyororo viti vya plastiki vya rangi, vya watoto. Motere ikiwaka gurudumu linazunguka na viti vinaruka nje, juu kidogo ya majani. Picha yake ilipita kwenye simu zote za Masisi. Laetitia aliiona kwenye simu yangu, akanirudishia simu, kisha akaiomba tena.

Nilimwahidi. Safari ya kwanza vita vilifunga barabara chini ya Sake tukiwa tumeshafunga mizigo. Safari iliyofuata kulikuwa na matanga upande wa Luc. Mara zote mbili Laetitia alifungua begi mwenyewe na kurudisha nguo kabatini, akizikunja vizuri, na hilo ndilo lililoniuma, zile nguo kukunjwa vizuri. Safari hii alipakia viatu vyake vya sikukuu chini kabisa ya begi na kuvaa sandali za mvua. Nikamuuliza sababu.

"Kama tutafika, njo nitavaa," alisema. Hakuwa na hasira. Alikuwa akinieleza tu.

Na kulikuwa na jambo lingine. Pale Bweremana kuna nguzo yenye mstari mwekundu. Mtoto ambaye kichwa chake kimevuka mstari hapandi, kwa sababu viti ni vidogo na vitamkata mapajani. Laetitia ana miaka kumi na moja na anarefuka usiku na mchana. Nilikuwa nimempima kwenye mlango wa jikoni kwa urefu ambao rafiki yangu wa Bweremana alinitumia. Alikuwa chini ya mstari kwa upana wa kidole. Kidole cha mtoto, si cha mtu mzima. Likizo ijayo angekuwa ameshauvuka.

Kwa hiyo tuliondoka, watu wa gari zima na mbuzi. Shofere alikuwa kijana anayeitwa Thierry, tuliyemkodi pamoja na gari. Hatukumjua. Alivaa shati jeupe na miwani ya jua kwa sababu alikuwa anakwenda ziwani, na aliweka sharti moja tu, kwamba turudi Sake kabla ya jioni, maana barieri ya barabara ikifungwa hapiti mtu.

"Mbuzi tutaiacha Sake," Luc alininong'oneza tulipokuwa tunateremka. "Niko na rafiki pale. Papa Nestor atalala kidogo, hatajua."

Luc ni mtu mpole. Wagonjwa wanampenda kwenye kituo cha afya anakofanyia kazi, na mimi pia nampenda, lakini mipango ya mtu mpole haina meno. Tulisimama Sake kumwacha mbuzi. Rafiki yake alipoambiwa tunakwenda wapi na wazee gani, aliingia ndani, akatoka na bidoni ya kasiksi, akaifunika mdomo kwa jani la mgomba na kusema kwamba ni aibu wazee wasafiri na mbuzi mkavu. Tuliondoka Sake na mbuzi na pombe ya ndizi.

"Sasa njo tunafanana na bantu," alisema Papa Nestor, ambaye hakuwa amelala hata kidogo.

Tuliisikia motere kabla ya kuona ziwa. Kisha tukaona uzio wa matete, lango la bati lililochorwa tembo mwenye kofia, na juu ya uzio viti vikipita, chekundu, cha njano, cha kijani, kila kimoja na miguu miwili ya mtoto mbele. Laetitia alifungua begi, akamsogeza mbuzi, akatoa viatu na kuvivaa.

Sikungoja wanaume. Nilimshika mkono tukaingia. Mezani alikaa dada mmoja mwenye mikono ya mafuta ya motere, akiuza tike. Jina lake aliniambia mwenyewe, Umwali, binti wa Papa Édouard. Ndiye aliyewasha motere, ndiye aliyefunga minyororo, ndiye aliyepima watoto. Alimsimamisha Laetitia kwenye nguzo.

"Toa kitambaa mu kichwa."

Laetitia akatoa.

"Lalisha nywele."

Nikamlalisha nywele kwa viganja vyote viwili.

"Anapita," alisema Umwali. "Kwa bahati, lakini anapita. Likizo ijayo mumulete kula sambaza tu."

Alikuwa ameshachana tike na mkono uko njiani kunipa. Kisha akatazama nyuma yangu, na mkono ukarudi.

Nikageuka. Wanaume walikuwa wanaingia langoni mmoja mmoja, kwa kufuata umri. Mbele mbuzi. Nyuma ya mbuzi Papa Nestor, koti limefungwa vifungo vyote, kofia kifuani. Nyuma yake wazee wawili wa kanisa, mmoja amebeba bidoni yenye jani la mgomba. Mwisho Luc, na mkeka umekunjwa begani, sijui nani alimpa mkeka. Walitembea polepole, hawakutazama kushoto wala kulia, hawakutazama hata maneje.

Hapa kwetu, ukisimamisha mtoto wa miaka minne kando ya njia na kumwonyesha watu wanaoingia kwa mtindo huo kwenye nyumba yenye binti mkubwa, atakuambia wamekuja kufanya nini.

Umwali aliweka tike chini. Akainama, akazima motere, akachomoa manivele, kile chuma cha kuwashia, akaingia nacho ndani ya nyumba mbio, na mlango ukafungwa. Binti anayekujiwa posa hakai nje. Viti viliendelea kuzunguka kwa uvivu, vikashuka, vikasimama. Watoto waliteremshwa na kuambiwa waende kucheza mpira.

Papa Édouard alitoka amevaa koti juu ya kaptula. Mke wake, Mama Joséphine-Marie, alimfuata akijifunga kitenge cha pili huku akiwapungia majirani mkono waje, upande wao usionekane mdogo. Wote walikuwa na uso wa watu waliongojea jambo hili muda mrefu na ambao hawatauliza kwa nini limekuja bila taarifa.

Halafu wakakumbuka viti. Mgeni wa namna hiyo hakalishwi chini, na nyumbani kwa Papa Édouard viti vya maana vilikuwa vimening'inia kwenye minyororo. Vijana wa jirani wakapanda, wakafungua ndoano, wakashusha kimoja kimoja. Wakavipanga mistari miwili inayotazamana, wa kwao na wa kwetu. Papa Nestor alipewa chekundu. Alijishusha ndani yake kwa shida, magoti yakamfika kwenye ndevu, na vipande vya mnyororo vikaning'inia pande zote mbili. Wazee wa kanisa walipewa vya njano. Maneje ilibaki gurudumu tupu.

Sisi wanawake tulikaa kwenye mkeka. Laetitia alibaki pale kwenye nguzo, amesimama wima, mgongo kwenye mti, kana kwamba akitoka angerefuka.

"Tunaona wageni," alianza msemaji wa upande wao, jirani mwenye sauti nene. "Tunaona mbuzi. Tunaona kasiksi. Hatuulizi."

"Aksanti," alisema Papa Nestor, na akanigeukia na macho ya ushindi. "Unaona? Bantu ya heshima. Na weye ulitaka tulete mikono bure."

Akaanza kujieleza. Alieleza Itebero. Alieleza ukoo wake, na mto ambao babu yake alivuka, na nani alimwonyesha mahali pa kuvukia. Alieleza jinsi Luc alivyokuja kuoa Masisi, na kwamba nyama walizopewa kwenye harusi yetu zilikuwa ngumu lakini hakuna aliyelalamika. Upande wao ulisikiliza kwa furaha kubwa. Hakuna aliyekuja kutafuta maneje ambaye amewahi kusikilizwa vile. Jua lilikuwa limeshapita juu ya vichwa na kuanza kutelemka upande wa vilima.

"Tumesikia," alisema yule msemaji hatimaye. "Ukoo ni muzuri. Sasa kijana mwenyewe ni yupi?"

Papa Nestor aliigeuza kofia mkononi. Akamtazama Luc. Luc alitazama ziwa.

"Hakuna kijana," nikasema kutoka mkekani. "Samahani sana. Tumeleta mutoto apande maneje. Ni ule pale. Mbuzi ni ya kuwasalimia tu."

Wanawake wa upande wao walicheka kwa upole. Mama Joséphine-Marie alinipiga goti kidogo.

"Mama ya upande wa bwana anakataaka hivyo hivyo," alisema. "Hata miye walisema wanapita tu kuomba maji."

"Mama, ninasema kweli."

"Najua. Uko na nguvu. Tutaelewana."

Nilijaribu tena kwa maneno mengine, nikataja tike, nikataja mstari mwekundu, na kila nilipofungua mdomo walitazamana na kutikisa kichwa kama watu wanaoona kwamba mahari itabishaniwa vikali na wanafurahi kwamba itabishaniwa. Kisha mmoja wao akaona mtu amesimama kando ya uzio, shati jeupe, miwani ya jua, anakula sambaza kwenye karatasi.

"Njo ule?"

Wote wakageuka. Thierry akaacha kutafuna.

"Miye iko shofere tu," alisema.

"Iko na kazi," Mama Joséphine-Marie aliwaambia majirani zake. "Na haringi."

"Mama, miye nimekodiwa."

"Na aibu iko naye. Vizuri. Munipe kiti kwa ule kijana."

Wakampa cha kijani. Akakaa nacho, sambaza mkononi, miwani machoni, kati ya wazee wawili wa kanisa ambao walianza kumnyoosha kola.

Nikamvuta Papa Nestor kando, nyuma ya mbuzi. Kiti kilikuja naye nusu ya njia kabla hajakitoa.

"Sema kweli sasa hivi," nikamwambia. "Wewe njo musemaji, miye hawanisikii."

"Niseme nini? Kwamba hatukukuya juu ya binti yabo?" Alikuwa anatoka jasho, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alikuwa anaongea polepole. "Mbele ya majirani? Wameshabaita bantu, Mama Laetitia. Nikisema hatumutaki, ile mutoto atapita Bweremana na kichwa gani? Batasema bageni walimuona, wakageuza mbuzi."

"Basi utaozesha shofere."

"Nitazungusha maneno. Pole pole. Tutalala hapa, tutakula, kesho tutapata njia ya kutoka bila kuumiza muntu."

"Kesho? Barieri je? Na mutoto?"

"Mutoto iko wapi? Iko salama. Ile maneje haikimbie."

Alirudi kukaa. Na ubaya ni kwamba kuhusu yule dada alikuwa na haki. Nilimwendea Luc.

"Acha bazee bamalize," alisema.

"Bazee wakimaliza, Laetitia atakuwa amevuka ule mustari hapo hapo alipo."

"Nitamuambia tutarudi Desemba."

"Nenda umuambie."

Hakwenda. Ila mtoto alituona tukimtazama, na akaja mwenyewe. Alisimama mbele yangu, mtaratibu kama mtu mzima.

"Mama, si kitu," alisema. "Navua viatu?"

Nilisema asivue. Nilisema abaki pale pale kwenye nguzo. Kisha nikazunguka nyumba kwa nyuma.

Kulikuwa na dirisha dogo lenye mbao. Nikagonga. Umwali alikuwa amekaa kitandani, manivele katikati ya miguu, kanga safi juu ya nguo zake za kazi. Harufu ya dizeli ilikuwa palepale.

"Yambo, mama mukwe," alisema.

"Miye si mama mukwe. Miye ni mama ya mutoto ule wa kitambaa. Tulikuja kwa maneje. Papa yetu wa Itebero alileta mbuzi juu ya kuogopa mutoto ataanguka, na wenu wakaona mbuzi wakafikiri posa."

Akavuta kanga begani.

"Kijana ni nani?"

"Shofere. Tumemukodi leo asubuhi. Anaitwa Thierry."

"Iko na muke?"

"Sijui. Hata yeye hakuna aliyemuuliza."

"Aah," alisema Umwali, na nikaona mabega yake yakitikisika. Alikuwa anacheka bila sauti. Kisha akaacha. "Mama, mbuzi ni ya nini, ulisema?"

"Ili mutoto asianguke."

"Kwa maneje yangu?" Alisimama. "Kila ndoano nimeifunga miye. Kila asubuhi ninaning'inia mwenyewe mu kila kiti kabla mutoto apande, na miye si mwepesi. Hakuna muntu ameanguka. Hata mumoja."

"Nakuamini. Sasa niambie. Ukitoka kabla hawajakuita, inakuwa je?"

"Inakuwa nimekataa. Maneno inakufa hapo."

"Na aibu inabaki kwa nani?"

"Kwa hakuna muntu. Ni miye nimekataa, si ninyi mumenikataa. Watasema Umwali iko na kichwa nguvu. Basi, wanasemaka kila siku, kwa sababu ya motere." Aliutazama mlango. "Lakini siwezi kutoka bure. Nikitoka na mikono mitupu papa atanirudisha, atasema nimekosea mulango. Nikitoka kwa kazi, hawezi kunirudisha, ile ni kazi yake. Kazi iko wapi? Viti vyote wamekalia."

"Kiti nitaleta."

"Vimekaliwa na bazee, mama."

"Nimeona."

Alinitazama vizuri. Sote wawili tulijua maana yake. Kwetu hata mtoto wa chekechea haondoi kiti chini ya mzee katikati ya mazungumzo, mbele ya wenyeji, sembuse mke wa mtoto wa kaka yake. Itebero wangelijua kabla ya mvua ya kwanza. Ningelisikia kwenye kila msiba na kila harusi, na Luc angelisikia zaidi.

"Ukisikia mnyororo, toka," nikamwambia.

Nilirudi mbele. Papa Nestor alikuwa amefika kwa baba wa babu. Nikapita katikati ya mistari miwili, mahali ambapo hakuna anayepita, nikasimama mbele yake.

"Papa Nestor, simama."

"Niko na maneno, Mama Laetitia."

"Najua. Simama."

"Juu ya nini?"

"Nataka kiti."

Papa Nestor alimtafuta Luc kwa macho. Luc, Mungu ambariki, aliacha kulitazama ziwa, akaja, akamshika baba yake mdogo mkono wa kulia. Mimi nikashika wa kushoto. Tukamwinua. Kiti kikainuka naye. Kilikuwa kimemshika nyongani kama gamba la kobe, na alisimama nacho hivyo mbele ya wenyeji, koti limefungwa vifungo vyote, minyororo ikilia nyuma yake.

"Mushike nguvu," nikamwambia Luc, nikaweka mguu wangu kwenye mguu wa kiti nikavuta. Kikatoka kwa sauti. Papa Nestor akajikuta amesimama bila kiti, na mmoja wa wazee wa kanisa akanyanyuka haraka kumpisha cha njano, ambacho nacho kilinyanyuka pamoja naye.

Sikungoja. Nilikibeba kile chekundu mpaka kwenye gurudumu, nikainua mnyororo, nikaweka ndoano ya kwanza. Ikalia.

Mlango wa nyumba ukafunguliwa. Umwali alikuja moja kwa moja katikati ya uwanja, bila kanga, manivele begani.

"Umwali," alisema Papa Édouard. "Nani amekuita?"

"Hakuna, papa."

Majirani waliangalia chini. Mama Joséphine-Marie alivuta pumzi ndefu, akafungua kitenge chake cha pili, akaanza kukikunja. Thierry akamalizia sambaza.

Umwali alikagua ndoano zangu, akazifungua zote, akazifunga upya kwa mkono wake. Kisha akaning'inia kwenye kiti kwa uzito wake wote, miguu hewani, mbele ya wazee, akamtazama Papa Nestor machoni mpaka akatosheka. Akashuka.

"Mutoto akuye."

Laetitia alikuja mbio, akakaa, akafungwa kamba kiunoni. Mapaja yalikuwa yanabana pande zote mbili.

"Kiti kimoja kitavuta gurudumu upande," Umwali aliniambia. "Itayumba."

"Itazunguka?"

"Itazunguka."

"Zungusha basi."

Akachomeka manivele, akaipa mikono yote miwili. Motere ikakohoa, ikakataa, ikakubali. Papa Nestor alikuwa anasema kitu na msemaji wao alikuwa anamjibu, niliona midomo tu. Gurudumu lilianza kuyumba, kisha likashika mwendo, na kile kiti chekundu kikaenda nje, kikapanda, peke yake kwenye minyororo mitupu yote ile. Laetitia alipopita mara ya kwanza alinitazama. Alipopita tena hakunitazama.